Tiba ya mbali kwa ugonjwa wa kudumu: utafiti wake hupima nini?

Mtu mwenye kisukari anayepangiwa kliniki kila baada ya miezi 3 anaonana na daktari siku 4 kwa mwaka. Siku 361 zinazobaki yuko nyumbani na vidonge vyake au sindano yake, anakula kwenye sufuria ile ile inayowalisha wote. Anayetafiti tiba ya mbali anazifuatilia siku hizo 361.

Ugonjwa wa kudumu, au ugonjwa sugu kama wengi tunavyouita, ni ule usioisha kwa dozi ya wiki moja: kisukari, presha, pumu, kifafa, selimundu. VVU navyo vimo siku hizi, maana dawa za kufubaza virusi zimewawezesha watu kuishi navyo miaka na miaka. Tiba ya mbali ni huduma anayopata mgonjwa kama huyo wakati yeye na mhudumu wake hawako chumba kimoja, iwe kwa simu, kwa ujumbe mfupi, kwa video, au kwa kifaa kinachotuma vipimo vyenyewe. Tanzania jina lililozoeleka ni tiba mtandao. Afya ya kidijitali ni pana zaidi, kwa sababu ndani yake mna hata mafaili ya kwenye kompyuta na hesabu za stoo ya dawa, mambo ambayo mgonjwa hayaoni.

Shangazi yangu ana presha. Kila asubuhi hukaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu chini, akasubiri dakika 5 bila kuongea na mtu. Kisha hufunga mkanda, hulaza mkono mezani usawa wa moyo, na kubonyeza. Namba ya juu na ya chini anaziandika kwenye daftari pamoja na tarehe. Kwa muda mrefu daftari hilo lilifunguliwa na mhudumu siku ya kliniki tu. Ikitokea 178 kwa 104 wiki ya pili, inakaa humo hadi miezi mitatu itimie. Kupima alikuwa anapima. Aliyekosekana ni wa kusoma. Namba hiyo ikimfikia muuguzi siku hiyo hiyo, naye akapiga simu kuuliza kama dawa zimekwisha, hapo ndipo tiba ya mbali inapoanza. Kifaa kisicho na mtu upande wa pili ni daftari lenye betri.

Ndiyo maana mtafiti haridhiki kusikia kwamba wagonjwa wameipenda programu. Njia anayoiamini zaidi ni kuwagawa waliokubali kushiriki kwa bahati nasibu, kama kupiga kura: kundi moja linaongezewa huduma ya mbali, jingine linaendelea na kliniki ya kawaida. Wakiachwa wajichagulie, wenye bidii ndio watakaojiandikisha kwanza, nasi tutaisifu simu kwa kazi ya bidii yao.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ulifanyika Kenya, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2010 katika jarida la The Lancet. Watu wazima 538 waliokuwa wanaanza dawa za VVU, katika kliniki mbili za Nairobi na moja ya Kajiado, waligawanywa kwa kura. Waliopangiwa ujumbe walikuwa 273. Kila wiki simu zao zililia na neno moja: "Mambo?" Walitakiwa kujibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu na muuguzi. Aliyenyamaza alipigiwa pia.

Tazama jinsi neno hilo lilivyochaguliwa. Halitaji dawa wala virusi. Simu ikiwa ya watu wawili, au mtoto akiichukua kucheza, atakachokiona ni salamu tu. Siri ya mgonjwa imelindwa na Kiswahili cha mtaani, kabla hata hatujafika kwenye nywila na sheria za taarifa binafsi. Tena salamu hudai jibu, na kwa kujibu mgonjwa anapata nafasi ya kusema.

Baada ya miezi 12, virusi vilikuwa vimefubaa kwa asilimia 57 ya waliotumiwa ujumbe, na asilimia 48 ya wengine. Waliosema wenyewe kwamba walimeza dawa inavyotakiwa walikuwa asilimia 62 kwenye kundi la ujumbe, na 50 kwenye jingine. Watafiti walitaka vipimo vyote viwili, na walifanya vema: mdomo huweza kumpendezesha muuguzi, damu haimwonei mtu haya.

Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti mwingine wa Kenya kuhusu dawa hizo hizo. Ujumbe wa kukumbusha uliotumwa kila wiki ulisaidia; uliotumwa kila siku haukuleta tofauti. Nadhani kinacholia kila siku sikio hukizoea.

Uingereza walikwenda na vifaa vizito zaidi. Watu 3,230 wenye kisukari, moyo kushindwa kufanya kazi au ugonjwa sugu wa mapafu walifuatiliwa katika maeneo ya Cornwall, Kent na Newham, na matokeo ya kwanza yakatoka mwaka 2012. Katika kundi lenye vifaa vya kupimia nyumbani waliofariki ndani ya miezi 12 walikuwa asilimia 4.6, kundi la kawaida asilimia 8.3. Habari njema. Lakini walipopimwa ubora wa maisha yao hawakuonekana kuwapita wenzao, na gharama ilizidi faida kwa viwango vya huko. Utafiti mmoja ukatoa majibu matatu tofauti kwa maswali matatu. Kwa hiyo ukiambiwa tiba mtandao "imethibitika", uliza imethibitika kufanya nini: kupunguza vifo, kupunguza kulazwa, au kumfanya mtu alale akiwa na amani?

Uliza pia nani hakuhesabiwa. Ili kuingia kwenye utafiti ule wa "Mambo?" ilibidi uwe na simu ya kuifikia karibu kila siku, hata kama ni ya kuazima. Bibi asiye na simu wala wa kumsomea ujumbe hakuwa kundi la kwanza wala la pili, na asilimia 57 ile haisemi lolote juu yake. Kwake hadi leo huduma ni mhudumu wa afya wa jamii anayekuja kwa miguu na mashine ya presha begani.