Shore aliyepotea mwaka mzima

Katika msitu wa Karura, Nairobi, huwa tunanasa ndege kwa nyavu na kuwavisha pete zenye namba, ili tujue wangapi wanaishi mwaka hadi mwaka. Alfajiri moja nilimtoa wavuni shore, yule ndege wa kichwa cheusi na manjano chini ya mkia. Pete ya mguuni ilikuwa imechakaa hadi nikaigeuzageuza mbele ya tochi ndipo nikaisoma namba. Daftari likasema tulimvisha miaka miwili nyuma. Mwaka wa katikati hatukumwona hata mara moja, ilhali alikuwa hai. Huyu hapa ananidonoa kidole!

Ndege kama huyu kwangu ni hazina. Wanafunzi wengi huhesabu hivi: tulivisha pete 100, mwaka wa pili tukanasa 30, basi 70 wamekufa. La hasha. Ile 30 imebeba mambo mawili kwa pamoja: kuishi na kunaswa. Wengine walipita tu juu ya wavu.

Tuyatenganisheje? Tuseme mwaka wa tatu tunanasa ndege 20 wa kundi lile la kwanza, na daftari linaonyesha kwamba 10 kati yao tuliwakosa mwaka wa pili. Wote 20 walikuwa hai mwaka wa pili, hilo halina ubishi, nasi tulinasa nusu yao. Basi ikiwa nyavu zetu hunasa nusu ya walio hai, wale 30 wanatuambia walikuwapo kama 60. Waliopona ni asilimia 60, si 30. Mzizi wa hesabu hii ni kazi za wanatakwimu: ya Cormack ya mwaka 1964, na ya Jolly na Seber ya 1965. Siku hizi kompyuta huifanya kwa miaka mingi kwa mpigo.

Nyavu nazo tunazihamisha mara kwa mara, maana ndege aliyeonja wavu huukwepa, na akikwepa hesabu humdhania maiti.

Lakini kinachoninyima usingizi ni wanaohama. Kinda aliyetoka Karura akaweka makao msitu wa Ngong, kwenye daftari langu hana tofauti na aliyeliwa na mwewe. Kwa hiyo ile asilimia 60 ni ya walioishi na kubaki. Walioishi kweli huenda ni wengi zaidi. Ndiyo maana nakusihi: paka wako wa Kawangware akileta ndege mwenye pete, usiitupe. Soma namba, andika tarehe na mahali, uipeleke Makumbusho ya Taifa. Hapo ndipo nitajua kwamba ndege wangu alihama kwanza, akafa baadaye.