Nairobi ni ya ngapi kwa uhalifu? Dhana potofu kuhusu orodha na takwimu

Orodha mpya ya miji hatari ikitoka, haichukui siku mbili kabla ya kuingia kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa. Ubishi unaanza: Nairobi imeshika nambari ngapi, Johannesburg iko wapi, na jina la utani la zamani, "Nairobbery" (Nairobi na "robbery", yaani ujambazi), linafufuliwa. Nani alihesabu, na alihesabu nini hasa, ni wachache wanaouliza.

Dhana: Orodha za mtandaoni zinatokana na rekodi za polisi

Zile zinazosambaa sana hazitoki huko. Numbeo, tovuti iliyoanzishwa Serbia mwaka 2009, hutoa kipimo cha uhalifu cha 0 hadi 100 kutokana na majibu ya watu wanaoitembelea: unaonaje hali ya uhalifu mjini kwako, unahofia kuporwa, unajisikia salama ukitembea usiku? Hakuna OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, inayofunguliwa. Kipimo chake cha "usalama" nacho ni 100 ukitoa kile cha uhalifu, kwa hiyo anayekuonyesha vyote viwili kama ushahidi anakuonyesha kitu kimoja mara mbili.

Anayejibu ni mwenye bando na muda wa kujaza maswali. Mama mboga wa Dandora anayefunga kibanda saa tatu usiku hayumo, ingawa ndiye angetwambia la maana. Hofu nayo ina thamani yake, maana ndiyo inayomfanya mtu apande bodaboda badala ya kutembea. Ila hofu hupanda video moja ya wizi ikizagaa, hata kama visa havijaongezeka.

Dhana: Basi takwimu za polisi ndizo kamili

Takwimu rasmi huanzia kwenye kaunta ya kituo, katika OB. Kutoka hapo huunganishwa hadi ngazi ya taifa, kisha Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, huzichapisha katika taarifa yake ya kila mwaka ya uchumi. Kisichoingia OB hakipo.

Watu huripoti pale wanapohitaji karatasi. Gari likiibwa, kampuni ya bima haitalipa bila abstrakti ya polisi (hati ya kuonyesha kwamba uliripoti), basi mwenye gari ataenda kituoni. Simu ya bei nafuu ikinyakuliwa dirishani mwa matatu, mwenyewe hurejeshewa laini yake kwa wakala na kuendelea na maisha. Ndiyo maana wizi wa magari hurekodiwa vizuri kuliko wizi wa simu. Halafu kuna jambo dogo lenye athari kubwa: aliyeibiwa kipochi chenye kitambulisho mara nyingi husema kaunta kwamba "kimepotea", kwa kuwa anachotaka ni abstrakti tu, na maswali huwa machache. Kilichopotea ni mali iliyopotea. Hesabu ya jinai haiongezeki hata kwa moja.

Si tatizo la Kenya peke yake. Mwaka 2014 wakaguzi wa polisi wa Uingereza na Wales walikadiria kwamba asilimia 19 ya uhalifu ulioripotiwa haukuandikwa, na mwaka huohuo takwimu za polisi zikavuliwa hadhi ya takwimu za kitaifa, ambayo ni muhuri wa ubora. Wao angalau wana uchunguzi wa kaya, ambapo watu huulizwa nyumbani kama wamedhurika, wawe waliripoti au la.

Dhana: Visa vikiongezeka, hali imeharibika

Huenda. Au huenda dawati la jinsia limefunguliwa na wanawake wanaripoti walichokuwa wakikinyamazia. Na tazama msingi wa asilimia: mauaji yakitoka 2 hadi 4, gazeti litaandika "yameongezeka kwa asilimia 100".

Dhana: Eneo lenye visa vingi ndilo hatari zaidi

Hapa ndipo hesabu nyingi huanguka. Kiwango hupatikana kwa kugawa visa kwa idadi ya wakazi, kisha kuzidisha kwa 100,000. Sensa ya 2019 iliikuta kaunti ndogo ya Starehe, Nairobi, na wakazi 210,423 na ile ya Embakasi na 988,808. Tuchukulie, kwa mfano tu, kila moja imeripoti wizi 1,000. Starehe inapata 475 kwa kila watu 100,000, Embakasi 101. Starehe imeonekana mbaya karibu mara tano, ilhali katikati ya jiji kumo humo, na wanaoshinda hapo mchana hulala Umoja, Rongai au Ruiru. Wanaibiwa Starehe, sensa inawahesabu kwao.

Mipaka nayo inasumbua. Rongai iko Kajiado na Ruiru iko Kiambu, hivyo wizi wa huko si wa Nairobi kitakwimu. Jedwali la KNBS huwaweka polisi wa viwanja vya ndege na wa reli kwenye mistari yao wenyewe. Sensa ilihesabu Nairobi kwa kaunti ndogo 11, wakati maeneo bunge ni 17. Ukichanganya mipaka hiyo, jibu lako ni takataka. St. Louis, Marekani, imeongoza orodha nyingi za mauaji kwa sababu inayofanana: jiji lilijitenga na kaunti yake katika karne ya 19, likabaki na eneo dogo, na vitongoji tulivu vikabaki nje ya hesabu.

Dhana: Wizi ni wizi, nchi zinaweza kulinganishwa

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu 296(2), huufanya unyang'anyi kuwa wizi wa mabavu iwapo mhusika ana silaha, au ana mwenzake hata mmoja, au anajeruhi. Simu ikichomolewa mfukoni kimyakimya, ni kosa jingine kabisa. Kila nchi ina mistari yake. Mauaji ndiyo hulinganishika vizuri, kwani maiti ni vigumu kuificha, lakini hata orodha ya miji 50 yenye mauaji mengi inayotolewa na shirika moja la Mexico huchukua miji ya watu 300,000 na zaidi yenye takwimu zinazopatikana. Jiji lisilohesabu haliingii.

Ukitaka kujua hali ya mtaa unaohamia, chagua kosa moja, tumia wastani wa miaka mitatu, na uulize lilitokea saa ngapi. Ukiibiwa simu, sema "imeibiwa", toa namba ya IMEI, yaani ya utambulisho wa simu (piga *#06# leo uiandike mahali), na usitoke bila namba ya OB. Huandikwa hivi: 34/12/5/2025, yaani ingizo la 34 la tarehe 12 Mei. Usidhani lakini kulikuwa na uhalifu 34 siku hiyo. Askari kuingia zamu na kukabidhiana silaha huandikwa kitabuni humo humo.