"Akianza hizo hataacha": maumivu sugu, morfini na sheria inayosingiziwa

Ikitajwa tu kwamba mgonjwa fulani wa saratani ameandikiwa morfini, dawa kali ya kutuliza maumivu, mazungumzo hayachelewi kugeuka. Mmoja atasema huo ni unga uliovalishwa koti jeupe. Wa pili atashikilia kwamba serikali imeipiga marufuku. Wa tatu, ambaye mgongo unamsumbua mwaka wa nne huu, atauliza mbona yeye hapewi. Hapo siasa imeshaingia: huyu anataka adhabu kali zaidi, yule anataka bangi iruhusiwe, na mgonjwa aliyeanzisha habari yenyewe kasahaulika. Wote watatu wamekosea, kila mmoja kwa namna yake.

Tuanze na marufuku, maana ndiyo inayosemwa kwa uhakika mkubwa kuliko yote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 ndio mama wa sheria nyingi za dawa za kulevya duniani. Dibaji yake inatamka kwamba matumizi ya dawa hizi katika tiba hayaepukiki ili kutuliza maumivu na mateso, na kwamba nchi zichukue hatua ili zipatikane. Morfini imo katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa, lakini kudhibitiwa si kukatazwa. Maana yake ni leseni, daftari la kumbukumbu, kabati lenye kufuli na cheti cha daktari.

Mambo huharibika kwenye makaratasi. Kila mwaka nchi hupeleka kwa Bodi ya Kimataifa ya Kudhibiti Dawa za Kulevya (INCB) makadirio ya kiasi itakachohitaji, na makadirio hayo ndiyo huwa kikomo cha kuagiza. Kila shehena nayo inataka kibali cha nchi inayopokea, ndipo nchi inayouza itoe kibali chake. Sasa tazama mtego ulipo. Ofisa hupiga hesabu kwa kuangalia kilichotumika mwaka uliopita. Hospitali zilikaa miezi mitano bila dawa, kwa hiyo kilichotumika ni kidogo, makadirio yanatoka madogo, na mwaka unaofuata dawa inaisha mapema tena. Kwenye karatasi inaonekana wagonjwa hawaihitaji! Mkataba wenyewe umeacha mlango: nchi inaweza kupeleka makadirio ya nyongeza katikati ya mwaka, mradi ieleze sababu. Mlango huo hauna faida kama hakuna anayeubisha.

Tume ya jarida la tiba la Lancet ilionyesha mwaka 2017 matokeo ya hali hii: kati ya takriban tani 298.5 za dawa za jamii ya afyuni (morfini na ndugu zake) zilizosambazwa duniani kwa mwaka, zikipimwa kwa kipimo cha morfini, nchi zenye kipato cha chini kabisa zilipata tani 0.1, yaani kilo mia moja. Kwa hiyo anayetaka kumbana mwanasiasa asiishie kuuliza kama sheria ni kali au legevu. Amuulize makadirio ya mwaka huu yalikuwa kiasi gani na yalitokana na hesabu ipi. Amuulize pia nani anaruhusiwa kuandika dawa hizi. Uganda ilibadili kanuni mwaka 2004 ili wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa (tiba ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito) waandike morfini, jambo lililosaidia wagonjwa wa vijijini kuliko hotuba nyingi.

Hata dawa ikiwepo, cheti kinaweza kumrudisha mtu nyumbani mikono mitupu. Mfamasia hukagua jina kamili la mgonjwa, jina la dawa, umbo lake (kidonge au maji), nguvu yake, dozi, jumla ya kiasi, tarehe na sahihi. Sehemu nyingi hutaka jumla iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, ili mtu asigeuze 10 kuwa 100. Kimoja kikikosekana, mfamasia akikataa hakuna roho mbaya hapo. Leseni yake iko hatarini. Soma cheti kabla hujatoka chumba cha daktari.

Morfini ya maji ina hatari yake ya pekee. Huja kwa nguvu mbalimbali: chupa moja ina miligramu 5 katika kila mililita 5, nyingine ina miligramu 50 katika mililita hizohizo. Chupa zinafanana, kijiko ni kilekile, dozi imezidi mara kumi. Ndiyo maana dozi isemwe kwa miligramu na kwa mililita, na kila chupa mpya isomwe lebo kabla ya kuvuta bomba la kupimia. Mtu mzima ambaye hajawahi kuitumia kwa kawaida huanzishiwa miligramu 5 kila baada ya saa 4. Mzee au aliyedhoofika miligramu 2.5. Mwenye figo dhaifu hupewa kidogo zaidi au kwa nafasi ndefu zaidi, kwa sababu mabaki ya dawa hutoka kwa mkojo; yakijikusanya, mgonjwa husinzia mno na misuli yake huanza kushtukashtuka. Kichefuchefu cha mwanzo mara nyingi hupoa ndani ya siku chache. Choo kigumu hakipoi, kwa kuwa utumbo hauizoei dawa. Dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile morfini inapoanza. Wapo wanaoiacha morfini kwa sababu ya choo tu, hali tatizo hilo lina dawa.

Sasa lile la "akianza hataacha". Hapa maneno matatu hupikwa chungu kimoja. La kwanza ni mwili kuzoea: dozi ileile inapungua nguvu kadiri muda unavyokwenda. La pili ni utegemezi wa mwili: dawa ikikatwa ghafla, mtu anapata kile mtaani kinachoitwa arosto, yaani miayo, jasho, vinyweleo kusimama, kuhara, kukosa usingizi na mwili mzima kuuma. Kwa morfini ya kawaida dalili hizo huanza kati ya saa 8 na 24 baada ya dozi ya mwisho na huweza kuchukua siku 4 hadi 10. Mambo hayo mawili yanaweza kumpata yeyote aliyetumia dawa hizi kwa wiki kadhaa, hata bibi wa miaka themanini asiyejua kituo cha polisi kiko wapi. La tatu, uraibu, ni jambo jingine: mtu anaisaka dawa na kuitumia hata inapomharibia kazi, familia na afya, na kujizuia kumemshinda. Hatari ya uraibu ipo kweli, na daktari anayeikana anadanganya. Ila mgonjwa anayetazama saa akisubiri dozi kwa kuwa maumivu yamerudi saa moja kabla ya wakati, huenda dozi yake ni ndogo tu. Kumwita teja ni kumfanya afiche maumivu mbele ya daktari.

Yule wa mgongo naye? Maumivu huitwa sugu yakidumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3. Mara nyingi jeraha la awali limeshapona, lakini mishipa ya fahamu kwenye uti wa mgongo na ubongo imekuwa myepesi kupita kiasi. Shuka tu likigusa mguu, mtu anaruka. Maumivu hayo si ya kubuni, na picha safi ya eksirei haithibitishi kwamba ni uongo. Ajabu ni kwamba dawa za jamii ya morfini hazifanyi vizuri hapa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia wagonjwa 240 wa maumivu sugu ya mgongo, nyonga au goti kwa miezi 12; waliopewa dawa hizo hawakufanya kazi zao za kila siku vizuri kuliko waliopewa dawa nyingine. Kwa baadhi ya watu dozi kubwa za muda mrefu huongeza hata wepesi wa kuhisi maumivu. Kwa hiyo kunyimwa kwake si lazima kuwe ni uonevu.

Maumivu ya mishipa ya fahamu, yale ya kuchoma au kupiga kama shoti ya umeme, mara nyingi hutibiwa kwa amitriptilini, miligramu 10 hadi 25 usiku. Hukausha mdomo na kuleta usingizi, nayo hutaka wiki kadhaa kabla ya kuhukumiwa, huku wengi wakiitupa siku ya tano. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima mwenye ini zima, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na dawa za mafua zenye parasetamoli ndani yake zihesabiwe humo. Diklofenaki na ibuprofeni za kila siku kwa miezi huweza kutoboa tumbo na kuumiza figo, ingawa hazina sheria yoyote ya kutisha juu yake.

Lenye faida kubwa kuliko wengi wanavyodhani ni kujipimia kazi. Kosa lilelile hurudiwa: siku ya nafuu mtu anafua, anadeki na kubeba vyote, kisha analala siku tatu. Pima muda. Kama maumivu hupanda baada ya dakika 20 za kusimama, keti dakika ya 15, hata kama bado unajisikia vizuri. Shikilia kipimo hicho wiki nzima, kisha ongeza dakika moja au mbili. Saa ndiyo ikusimamishe, maumivu yasingojewe.

Walioko kwenye dawa tayari wasikatwe ghafla kwa sababu upepo wa siasa umegeuka. Marekani ilitoa mwongozo kwa madaktari wa kuandika dawa hizi mwaka 2016. Wenye bima na watunga sheria wakaugeuza kuwa kikomo kigumu cha dozi, na wagonjwa waliozoea dozi kubwa wakapunguziwa kwa mpigo. Mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilitoa onyo mwaka 2019 kuhusu madhara ya kukatisha ghafla, yakiwamo mawazo ya kujiua, na mwongozo ukaandikwa upya mwaka 2022. Aliyetumia dawa mwaka mzima au zaidi hupunguziwa karibu asilimia 10 kwa mwezi, au polepole zaidi, na husimama palepale akilemewa.

Kinachoua haraka ni kuchanganya dawa hizi na pombe au dawa za usingizi kama diazepamu, kwani zote hulegeza upumuaji. Mboni zikiwa ndogo kama ncha ya sindano, pumzi za kuhesabika na mtu haamki, ita gari la wagonjwa, mlaze ubavu, na kama naloksoni, dawa inayozima nguvu ya morfini, ipo itumike. Naloksoni huweza kuisha nguvu kabla ya morfini, kwa hiyo asiachwe peke yake hata akiamka.

Kuhusu bangi: mwezi Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya iliiondoa katika orodha kali kabisa, kwa kura 27 dhidi ya 25. Imebaki chini ya udhibiti, na kura ile haikuhalalisha chochote katika nchi yoyote. Nafuu iliyoonekana kwenye maumivu ya mishipa ya fahamu ni ndogo.

Msafiri mwenye dawa hizi abebe barua ya daktari yenye jina halisi la dawa na si la kibiashara tu, nakala ya cheti, na vidonge vikiwa kwenye paketi yake, vya kutosha siku za safari. Aulize ubalozi mapema. Tramadoli, dawa nyingine ya maumivu ya jamii hii, haimo katika orodha za kimataifa, lakini Misri inaidhibiti vikali, na kule uwanja wa ndege hakuna atakayesikiliza kwamba kwenu huuzwa kwa cheti cha kawaida.