Je, wajua kwa nini picha zilizouzwa 1970 zilidaiwa kwa bei ya 1975?

Kwa muda mrefu niliamini msimamizi wa mirathi ya msanii ni kama mlinzi wa ghala: funga mlango, ficha ufunguo, picha zisiguswe. Kwa hiyo niliposoma kesi ya mirathi ya mchoraji Mark Rothko nilihukumu upesi kwamba kosa lilikuwa kuuza. Sivyo hata kidogo. Kuuza waliruhusiwa. Picha zina gharama za ghala na bima, na warithi hawali turubai. Kinachotunzwa ni thamani. Kosa lilikuwa waliuza huku wakijitazama wenyewe.

Rothko alifariki New York Februari 1970, akaacha picha 798. Haikutimia miezi mitatu, wasimamizi wake watatu wakaiuzia Marlborough, kampuni ya kuuza sanaa, picha 100 kwa dola milioni 1.8: laki mbili mkononi, zilizobaki kwa miaka 12 bila riba. Nyingine zikapelekwa huko huko kuuzwa kwa kamisheni iliyofika asilimia 50. Bernard Reis, mmoja wa wasimamizi, alikuwa mkurugenzi Marlborough. Theodoros Stamos, mchoraji, naye alitaka nafasi huko, na akaipata.

Binti wa marehemu, Kate, aliyekuwa na miaka 19 baba yake alipofariki, alikwenda mahakamani.

Sasa fikiria umeachiwa mtamba wa yatima. Ukimuuza mnadani kwa nia njema lakini kwa bei ya kutupa, utafidia pengo la siku ile. Lakini ukimpitishia rafiki anayekulipa mshahara, huyo hukupaswa kumtoa zizini kabisa. Utadaiwa ng'ombe mzima, pamoja na ndama aliozaa tangu hapo. Ndivyo hukumu ya 1975 ilivyopigwa hesabu, ndama wakiwa thamani iliyopanda tangu 1970, na rufaa ya 1977 ikaiunga mkono: Reis, Stamos na Marlborough wakadaiwa zaidi ya dola milioni 9. Bei ya picha ambayo haijaingia sokoni ni makadirio ya wataalamu tu, na hii ni sheria ya New York, usiibebe ilivyo hadi mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam.

Aliyenishangaza ni wa tatu, Morton Levine, profesa wa anthropolojia. Hakuvuna chochote. Aliujua mgongano wa maslahi wa wenzake, akatia sahihi. Akadaiwa zaidi ya dola milioni 6: bei ya mtamba, bila ndama.