Msimbo mfupi si lazima uwe msimbo wenye ufanisi

Maelekezo ya kazi za programu katika vyuo vikuu huwataka wanafunzi waandike "msimbo mfupi na wenye ufanisi", na kwa kuwa sifa hizo mbili hutajwa pamoja kila mara, wengi wamefikia kuamini kwamba ni sifa moja. Mwanafunzi hupunguza mistari kumi ikawa mitatu, kisha hutangaza kwamba ameongeza ufanisi, na mara nyingine mkufunzi naye humpa alama kwa sababu hiyo hiyo.

Msimbo mfupi ni ule unaoeleza jambo bila marudio wala hatua zisizo na kazi. Msimbo wenye ufanisi ni ule unaotumia muda mchache na kumbukumbu ndogo ya kompyuta, hasa data inapoongezeka. Ufupi huonekana kwa kusoma. Ufanisi hujulikana kwa kuhesabu kazi ambayo mashine inalazimika kuifanya.

Tuchukue mfululizo wa Fibonacci, ambamo kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Msimbo unaojirejelea, yaani unaojiita wenyewe, hutosha kuandikwa kwa mistari mitatu hivi, nao hupendwa madarasani kwa sababu unafanana sana na fasili ya kihisabati. Lakini ukiutumia kutafuta namba ya 40, utaitwa zaidi ya mara milioni 331, kwa kuwa majibu yale yale hukokotolewa upya bila kuhifadhiwa popote. Kitanzi cha kawaida, yaani hatua zinazorudiwa mfululizo, ambacho huongeza mistari michache tu, hufikia jibu hilo kwa kujumlisha mara 39.

Vivyo hivyo katika utafutaji. Kupitia orodha kipengele kimoja baada ya kingine huandikwa kwa maneno machache, ilhali kuigawa nusu kwa nusu orodha iliyokwisha kupangwa hudai mipaka miwili, hesabu ya katikati, na uangalifu ambao huwatoa jasho hata wazoefu. Hata hivyo, kwa orodha ya vipengele 1,000,000, ile njia fupi huenda ikalinganisha mara 1,000,000, na hiyo ndefu haizidi hatua 20.

Kinachopotosha zaidi ni mstari mmoja wa lugha ya programu ya Python unaokagua, kwa kila kipengele cha orodha moja, kama kimo katika orodha nyingine. Jicho huona mstari mmoja, lakini ukaguzi huo umeficha kitanzi ndani ya kitanzi: orodha mbili za vipengele 100,000, zikiwa hazina chochote cha pamoja, zitahitaji ulinganishaji mara bilioni 10. Kuigeuza kwanza orodha ya pili kuwa seti, yaani mkusanyo uliopangwa ili kipengele kipatikane bila kuupitia wote, huongeza mstari mmoja, na tangu hapo kila ukaguzi, kwa wastani, hautegemei tena ukubwa wa data. Msimbo umerefuka, kazi imepungua.

Kuhusu wale wanaofupisha majina ya vigeu (majina yanayohifadhi thamani) hadi herufi moja na kufuta maoni (maelezo ya msimbo yaliyoandikwa kwa ajili ya binadamu) ili programu "iende haraka", yatosha kusema kwamba maoni hutupwa kabla programu haijaanza kutekelezwa, na kwamba kompaila, yaani programu inayoutafsiri msimbo kwa ajili ya mashine, haibabaishwi na urefu wa jina.

Ufupi una thamani yake, ila thamani hiyo ni ya binadamu atakayeusoma msimbo: penye marudio machache, kosa hurekebishwa mahali pamoja. Tena si kila mahali panapostahili kuhangaikiwa ufanisi. Mwaka 1974 mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth aliandika kwamba katika takriban asilimia 97 ya nyakati tusahau faida ndogo ndogo za ufanisi, na watu hupenda kumnukuu hapo, wakiacha sentensi inayofuata, ambayo inatutaka tusiipuuze ile asilimia 3 iliyo nyeti.

Kwa hiyo mkufunzi anayezitaka sifa zote mbili ni vyema kila moja aitolee alama yake peke yake, na amuulize mwanafunzi kama mwenzake ataelewa alichoandika, kisha amuulize kando kazi ya mashine itaongezeka mara ngapi data ikiongezeka mara kumi. Na yule anayesema ameongeza ufanisi kwa sababu sasa ni mistari mitatu, aambiwe kwa upole kwamba ameufupisha msimbo, na kwamba kuhusu ufanisi wake bado hajasema lolote.