Mkulima aliyekula chumvi nyingi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Juan Vicente Pérez Mora alizaliwa 27 Mei 1909 huko El Cobre, jimbo la Táchira nchini Venezuela. Alianza kazi ya shamba akiwa na miaka mitano, akivuna miwa na kahawa pamoja na baba yake na kaka zake. Mwaka 2022 akatambuliwa kuwa mwanamume mzee kuliko wote walio hai duniani, na hapo ndipo maneno yalipoanza.

Lililopendwa zaidi ni la pombe. Mzee mwenyewe alisema siri yake ni kufanya kazi kwa bidii, kupumzika sikukuu, kulala mapema, kumpenda Mungu na kunywa glasi moja ya aguardiente, pombe kali ya kwao, kila siku. Wasomaji wengi waliruka yote wakabaki na glasi. Lakini waliokunywa hiyohiyo wakafa na miaka 60 hakuna mwandishi aliyewafuata kuwauliza siri yao. Aliyefika anasimulia alivyoishi; kwa nini amefika hata yeye hajui.

Wengine husema ni jembe na hewa ya kijijini. Kazi ya mwili hufaa afya, hilo halina ubishi. Ila rekodi ya dunia, miaka 122 na siku 164, ni ya Jeanne Calment, mwanamke wa mjini Arles, Ufaransa, ambaye hakulazimika kufanya kazi ili ale, na sigara alivuta miaka mingi. Halafu takriban tisa kati ya kila kumi waliovuka 110 ni wanawake, kwa hiyo kama ni jembe tu, wanaume wangekuwa wengi zaidi ya hapo.

Dhana kongwe kuliko zote ni kwamba milimani wako wakulima waliofika 150. Shirali Muslimov wa Azerbaijan alipofariki mwaka 1973 ilidaiwa ana miaka 168. Huko Vilcabamba, mji wa milimani nchini Ecuador uliosifiwa vivyo hivyo, watafiti walipochunguza daftari za ubatizo katika miaka ya 1970 hawakuona hata mmoja aliyefika 100. Majina yaleyale yalirudiwa katika ukoo kizazi hadi kizazi, hivyo cheti cha ubatizo cha marehemu kikaonekana cha aliye hai. Na mtu akishazeeka, kila akiulizwa umri aliongeza kidogo. Si lazima awe mwongo. Uzee una heshima yake, na aliyezaliwa nyumbani bila karatasi huhesabu kwa njaa na vita. Ndiyo maana wahakiki wa umri hutaka cheti cha utotoni, kingine cha katikati ya maisha, kama cha ndoa, na kitambulisho cha sasa, vyote vikisema mtu ni yuleyule.

Hata karatasi hudanganya. Mwaka 2010 mjini Tokyo, mzee aliyeandikwa kuwa na miaka 111 alikutwa maiti kitandani, amekufa yapata miaka 30, huku pensheni ikiendelea kuchukuliwa.

Na wapo wanaodhani aliyevuka 110 kifo kimemsahau. Wapi! Katika umri huo, takriban nusu hufa ndani ya mwaka mmoja, kama kurusha sarafu kila siku ya kuzaliwa. Pérez aliirusha mara nne ikamwangukia vizuri. Alifariki 2 Aprili 2024, zikiwa zimebaki siku 55 atimize 115.