Kwa Nini Atomu Hupungua Ukubwa Elektroni Zinapoongezeka

Wanafunzi wengi wanaoanza kemia huamini kwamba atomu yenye elektroni nyingi lazima iwe kubwa kuliko yenye elektroni chache. Dhana hiyo ina mantiki yake, lakini si sahihi, na asiyeiacha mapema ataishia kulikariri Jedwali la Elementi bila kulielewa. Sodiamu ina elektroni 11 na klorini ina 17, ilhali nusukipenyo cha atomu ya sodiamu ni takriban pikomita 186 (pikomita ni sehemu moja ya trilioni ya mita) na cha klorini ni 99 tu.

Jibu limo ndani ya kiini. Mwaka 1911 Ernest Rutherford alibainisha kwamba chaji chanya yote ya atomu, pamoja na karibu uzito wake wote, imebanwa katika kiini kidogo mno. Idadi ya protoni, yaani chembe zenye chaji chanya, za kiini hicho ndiyo inayoitambulisha elementi. Elektroni, zenye chaji hasi, hukaa nje yake katika ngazi za nishati: ya kwanza hujaa kwa elektroni 2, ya pili kwa 8, na ya tatu, ingawa ina nafasi 18, hupokea 8 kabla ya ngazi ya nne kuanza kutumika. Hivyo sodiamu hupangwa 2, 8, 1, na klorini 2, 8, 7.

Tazama mpangilio huo kwa makini. Elementi zote mbili zina ngazi tatu, na zote mbili zina elektroni 10 za ndani zinazokinga mvuto wa kiini usizifikie kikamilifu zile za nje. Kinachotofautiana ni protoni, ambazo zimetoka 11 hadi 17, wakati elektroni zilizoongezeka zimeingia ngazi ileile ya nje, ambamo hazikingani ipasavyo. Kiini kimepata nguvu bila kizuizi kipya, nacho huzivuta elektroni zote karibu zaidi. Ndiyo maana kumng'oa sodiamu elektroni moja kunahitaji nishati ya kilojuli 496 kwa moli (kipimo cha wakemia cha idadi maalumu ya atomu), na klorini 1251.

Njiani kutoka sodiamu hadi klorini kuna kituko ambacho, kwa maoni yangu, mwalimu hapaswi kukificha: magnesi huhitaji kilojuli 738, lakini alumini inayoifuata huhitaji 578 tu. Ngazi za nishati zina vingazi ndani yake, na elektroni ya mwisho ya alumini imeingia kingazi kipya chenye nishati ya juu zaidi, hivyo hung'oka kwa urahisi.

Tukishuka katika kundi moja, yaani safu wima ya Jedwali, hali hugeuka, kwa kuwa kila hatua huongeza ngazi nzima. Lithi (2, 1) huhitaji kilojuli 520, sodiamu 496, na potasiamu (2, 8, 8, 1) 419. Tofauti hiyo huonekana kwa macho katika maabara, mwalimu anapofanya jaribio hili nyuma ya kioo cha kinga. Sodiamu, ambayo huhifadhiwa ndani ya mafuta, hukatika kwa kisu; uso wake hung'aa, kisha hufifia upesi hewani. Kipande kidogo kikitiwa majini huelea, huyeyuka kuwa tone la mviringo na kukimbia huku na huko kikitoa hidrojeni. Potasiamu haisubiri: inapogusa maji tu hushika moto, kwa mwali wa zambarau iliyopauka.